Radhi za Safari ya Kilimanjaro

Mtu akiniuliza kwa nini sijapanda Kilimanjaro, husingizia magoti. Magoti yangu hayana kosa. Kilichonizuia ni aibu, na aibu yenyewe haikuanzia mlimani, ilianzia Shumba, kwetu Pemba, barazani kwa ami yangu, ndugu yake baba.

Nilikuwa mwalimu kijana Konde, nikifundisha jiografia. Kila mwaka nilichora ubaoni mlima wenye theluji, na kila mwaka alitokea mtoto akauliza, "Maalim, weye umeiona hiyo theluji?" Nilijibu kwamba walioandika kitabu wameiona. Darasa lilicheka, nami nilicheka nalo, lakini kicheko kile kilinikera mpaka nyumbani. Pemba yetu ni vilima vya mikarafuu na mabonde ya mpunga. Kilima kirefu kuliko vyote unakipanda huku unazungumza. Basi mwaka mmoja, kabla ya uhuru, mimi na mwalimu mwenzangu tukakata shauri kwenda.

Tanganyika wakati huo kwetu ilikuwa nchi ya watu. Mwenzangu alikuwa na shemeji yake aliyefanya kazi Moshi, na huyo ndiye aliyetutafutia kiongozi, mzee mmoja Mchagga aliyekuwa akiwapandisha Wazungu mlimani. Tulimwandikia kwa heshima zote. Tulimweleza kwamba tutavuka kwa meli mpaka Tanga, kisha treni mpaka Moshi, na kwamba tutafika shule zikifungwa, wakati wa masika. Tukamuuliza kama huko juu kuna maji ya kutawadha, na kama mpishi wake ni mtu wa kuchinja. Hilo la masika hatukulifikiria hata kidogo. Kwetu masika ni mvua tu. Mtu hukunja kanzu akaendelea na safari yake.

Hatukungoja jibu. Katika duka la Muhindi pale Konde palikuwa na koti zito la sufu lililoning'inia miaka bila mnunuzi. Nikalinunua, nikalivaa kutwa moja juani nikidhani najizoeza. Watoto wa shule walinifuata nyuma. Mwenzangu alipata viatu vya mwanajeshi mstaafu, kimoja kikimbana. Jioni tulikwenda kwa miguu mpaka Shumba na kurudi, tukiyaacha magari ya abiria yatupite, na watu waliokuwa ndani walituuliza tuna ugomvi gani na dereva.

Mama yangu hakuupenda mlima, lakini hakunikataza. Alisema jambo moja tu: "Radhi kwanza, mwanangu. Hayo mengine baadaye." Ndiyo desturi yetu. Anayekwenda mbali huzunguka nyumba kwa nyumba, akaaga, akataka radhi kwa aliowakosea na yeye akasamehe. Kwa safari ya Unguja huzunguki mji mzima. Kwa mlima wa barafu, mama aliona lazima nizunguke kama anayekwenda Makka. Nikazunguka. Kila baraza nilisema maneno yale yale, na kila mtu alinijibu, "Tumekuwia radhi, na Mwenyezi Mungu akuwie radhi." Ilinipendeza, siwezi kusema uongo. Sijawahi kupendwa na watu wengi kiasi kile kwa siku chache.

Ami yangu nilimwacha mwisho. Baba alifariki mimi sijatambaa, na huyu ndiye aliyeangalia mashamba. Nilimkuta baada ya alasiri, peke yake, akanitilia kahawa hata kabla sijakaa.

"Ami, nnakwenda safari. Nilipokukosea, niwie radhi."

"Nimekuwia, mwanangu. Na weye niwie radhi mie."

"Nimekuwia, ami."

Alikuwa ameushika mkono wangu, na hakuuachia. "Usiseme mbio. Sikiliza kwanza." Akatazama chini. "Ile mikarafuu ya bondeni, ile n'nayochuma kila msimu. Si yangu mie. Ya baba yako. Alipokufa, mamako hakuijua mipaka, n'kaichanganya na yangu. Huko unakokwenda ni baridi, watu hufa. Sitaki ufe hujanisamehe hii."

Nikamwambia papo hapo, "Nimekusamehe, ami." Nilisema haraka kwa sababu kichwani nilikuwa nawazia soksi. Na nikajiona mtu mwema sana. Nilirudi Konde nikitembea kama tayari nimeshuka kutoka kileleni.

Kisha jibu la kiongozi likaja. Aliandika kwa adabu kwamba masika mlima ule haupandwi: njia ni tope, juu ni ukungu na theluji, yeye hamchukui mtu yeyote, hata Mzungu. Tuje kiangazi. Kiangazi chake sisi tulikuwa darasani. Mwenzangu alicheka, akamrudishia mstaafu viatu vyake, akasema mwakani, inshaallah. Yeye hakuwa ameaga mtu ila mkewe.

Mimi nilikuwa nimeuaga mji mzima. Sokoni waliniuliza, "Maalim, ushafika?" Mwengine akataka kujua kama mlima umehama. Niliwavumilia, maana nilistahili. Niliyeshindwa kumvumilia ni ami yangu, ambaye hakuniuliza neno. Siku za Ijumaa, alipokuja Konde kuswali, alikuwa akinisubiri mlangoni mwa msikiti tuje pamoja nyumbani kwetu. Sasa aliingia kwa mlango wa pili na kutoka mapema. Alikuwa kama aliyejivua nguo mbele ya mtu anayekwenda zake, na mtu huyo sasa alikuwa kila siku sokoni, ananunua samaki karibu yake.

Lakini aibu kubwa zaidi ilikuwa yangu. Msimu wa karafuu ulipofika, harufu ikajaa kila uwanja, nikaanza kukumbuka. Mama yangu alinilea kwa kuchuma karafuu za watu, akilipwa kwa kila pishi aliyojaza. Alichuma hata bondeni kwa ami, nami nikiokota chini ya mti zile zilizoanguka. Alikuwa kibarua kwenye miti ya mumewe. Usiku mikono yake ilikuwa na michubuko, akiipaka mafuta ya nazi. Nilimtazama sasa, mzee, akianika karafuu za jirani jamvini, na nikashindwa kumwambia. Na yule ami niliyemsamehe kwa neno moja, nikaanza kumchukia kila siku. Msamaha wangu ulikuwa wa mtu anayeondoka. Nilipobaki, sikuuona tena.

Asubuhi moja mama akiwa hayupo, ami alikuja uwanjani kwetu akimvuta ng'ombe wake, dume la kulimia alilokuwa akijisifia nalo. Nikamwamkia, akaitika bila kunitazama.

"Uza huyu, wende safari yako."

"Ami, safari haikukosa pesa. Ilikosa msimu."

"Basi kaa naye, ungoje msimu. Mradi wende." Akaizungusha kamba mkononi. "Ulinisamehe kwa kuwa unakwenda. Hukwenda. Sasa mie sijui nimesamehewa au vipi. Niambie tena, mwanangu, leo, ukiwa huendi popote."

 Lile neno lililonitoka mbio Shumba lilikataa kutoka. Nilitazama dume lile, nikawaza limenunuliwa kwa karafuu za nani, na nikaona haya kwa kuwaza hivyo mbele ya mzee aliyesimama juani akinisubiri.

"Kaa kitako, ami," nikasema. "Nikutilie chai."

Nikaingia jikoni, nikakoka moto. Maji yalichemka, nikayaacha yachemke, nikatia majani, nikatia sukari, nikakoroga. Nilikaa humo muda mrefu kuliko chai inavyotaka. Nilipotoka na kikombe, dume lilikuwa limefungwa kwenye mnazi wetu, na ami yangu alikwisha kwenda zake.