Siku Freni Ilikwama Mbele ya Nyumba ya Bakwe

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alikufa na masomo yangu yakafa naye, nikaanza kubeba magunia bandarini. Kazi haikunipa haya hata siku moja. Haya niliipata miaka ya Zaïre, nikiwa tayari na kamiyo yangu, gari ya mizigo (kuukuu, lakini yangu), na niliitafuta mwenyewe.

Ilikuwa siku moja mbele ya ndoa yangu na Feza. Nilikuwa nimeosha kamiyo ndani ya ziwa mpaka magurudumu yakazama, kisha nikapeleka kuni za karamu kwa bakwe, wazazi wa Feza. Sasa, sisi wenye kamiyo za zamani tulisimamisha kwa jiwe nyuma ya gurudumu, freni ya mukono, ile breki ya kuvuta, hakuna aliyeigusa. Lakini baba yake Feza alikuwa pale ananiangalia, yeye aliyesema hapendi kumupa mutoto wake mutu wa gari bila freni, basi nikaivuta kwa mikono miwili mpaka ikalia, ili asikie. Hapo njo niliharibu. Gari ikalala pale na freni zake zenye maji.

Asubuhi Feza amevaa nguo nyeupe, mama wa kwaya wamepanda nyuma wanaimba, nikaachilia freni, nikakanyaga mafuta, kamiyo ikaguna tu, magurudumu ya nyuma yakakataa kuzunguka, freni zimeshikwa na kutu ya usiku. Kwaya ikanyamaza.

Baba mukwe akasema, “Jana haikuwa na freni. Leo iko na freni tu.”

Akaongeza kwamba mutoto wake hataenda kuolewa kwa miguu. Kengele ya kanisa ikilia na gari ingali pale, ndoa hakuna.

Tukaweka mawe mbele, tukainua nyuma kwa kriki, tukatoa magurudumu, nami nikaingia chini na abakosi yangu, suti ya ndoa (ya kuazima, Mungu anisamehe). Mimi nilegeze freni kwa ndani, rafiki yangu Kabwe apige ngoma ya freni kwa nje, polepole, kuzunguka. Upande wa kwanza ukaachilia. Wa pili ukakataa, na mapigo ya nyundo yakawa madogo madogo, nikapandwa na hasira.

“Piga, kichwa ya mbuzi! Ao mama yako hakukupikia bukari?”

Kisha pigo moja, kwaa, ngoma ikaachilia. Nikatoka kumushukuru Kabwe, uso mweusi na mafuta. Kabwe alikuwa amekimbia kutafuta watu wa kusukuma. Aliyeshika nyundo alikuwa mama mukwe.

Kwetu mutu na mama mukwe wake hawaonani uso kwa uso, hata kusalimiana ni mwiko. Nikarudi chini ya gari kama panya.

Mama yule akageukia upande mwingine, akasema na kamiyo. “Wee gari, mwambie mutu huyo: mama yangu alinipikia bukari, tena nyingi. Atoke arudishe gurudumu, mutoto wangu anangoja.”

Baba mukwe alicheka mpaka akashika ukuta. Kengele ilipolia tulikuwa njiani, kwaya ikiimba.

Baadaye nilipeleka kuku mweupe, mwiko ukaondolewa, na mpaka alipokufa mama yule alikula mezani kwangu. Kuvuta freni ili mutu aone, sitarudia.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, kamiyo mbili, pirogi moja ya ziwani yenye moteri, shamba la mihogo upande wa Nyunzu, Feza, nyundo ile, na jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu.