Sista Jicho na Dirisha la Kliniki ya Maumivu

Alizaliwa kitinda mimba katika nyumba ya fundi cherehani, vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, na tangu utotoni hakuna aliyeweza kumdanganya. Mama yake alisema mtoto huyu hata usingizi wa watu anaukagua. Alipofikisha miaka kumi na tisa alisikia wito, naye akaushuku pia. Alingoja miaka miwili ahakikishe si hamu ya kukimbia cherehani tu. Ndipo akaingia utawani, akasomea uuguzi.

Hospitali ya shirika lake ilifungua kliniki ya maumivu sugu, ya watu ambao migongo yao haiponi na mishipa yao ya fahamu inawaka moto usiku na mchana. Dawa zilikuwa kali, na kipimo cha kuonyesha maumivu hakuna. Mkurugenzi, aliyemwona kila mgonjwa kuwa tapeli, akamweka sista kwenye dirisha la ghorofani linalotazama lango, aone nani anaingia akichechemea na kutoka akitembea sawasawa. Aliyenaswa, jina lake lilipigwa mstari mwekundu na dawa zake zikakoma. Wagonjwa wakampachika jina Sista Jicho. Tusimpambe: kazi hiyo aliipenda, na kwa miaka minne aliifanya kwa bidii.

Jumatatu moja ya Kwaresima alikuja mwashi aliyewahi kuanguka kazini akaumia mgongo. Mbele ya daktari hata kukaa alishindwa. Lakini alipofika langoni, mahali mama yake mzee alipokuwa akimngoja, alinyooka, akambebea kikapu na kumtania kwa sauti. "Nimekunasa," sista akanong'ona, akashuka ngazi kumfuata. Mwashi alimpandisha mama yake kwenye gari la jirani, akapunga mkono. Gari lilipokata kona tu, alishika ukuta, akateleza mpaka chini, akauma mkono wa shati asipige kelele.

"Mbona ulikuwa unatembea vizuri?" sista akamuuliza.

"Mama ana presha, Sista. Akijua naumwa hivi, atatangulia yeye. Pale langoni ndipo ninapoigiza. Kwa daktari ndiko ninakopumzika."

Sista alirudi ghorofani. Aliona aibu, aibu kubwa. Wangapi aliwakata dawa kwa sababu walijikaza mbele ya watu wao? Akaanza kuwatafuta nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi. Mpishi mmoja alimfungia mlango: "Umekuja kunichungulia hata huku?" Alikaa kizingitini asubuhi tatu mpaka akafunguliwa. Mkurugenzi naye akamgeukia: "Wamekuhonga nini hawa?" Akampeleka kufua mashuka mwaka mzima, naye akafua bila kununa.

Aliporudishwa kliniki na mkurugenzi mpya, dirisha lile liliwekewa pazia. Sista alimuuliza kila mgonjwa panauma wapi, kisha akaongeza: "Na unamficha nani?" Aliyetajwa aliitwa kikao kilichofuata, afundishwe dawa na mazoezi pamoja na mgonjwa. Wengi walilia zaidi siku hiyo kuliko siku waliyoumia.

Akiwa na miaka sitini na minane saratani ilimwingia kwenye mifupa. Masista walipomuuliza, alijibu yu mzima, akikataa dawa. Mwashi, sasa mwenye mvi, akaja kumjulia hali. Akamkuta ameketi wima, anatabasamu.

"Sista, unamficha nani?"

Tabasamu likamtoka. "Ninyi nyote," akasema, akalia, akaomba dawa. Alifariki siku ya tisa, ametulia.

Wapo wanaosema mgongo wa mwashi ulipona saa ile. Tulimuuliza mwenyewe, akacheka: unauma mpaka leo. Basi tusimzushie Sista miujiza. Anayetaka kumwiga na ashuku kama yeye, ila aanze nyumbani kwake, kwa yule anayejibu "sijambo" haraka mno.