Mama Mukwe Alinibeba Siku ya Soko

Bandugu, kuko haya yenye muntu anaifichaka mpaka kaburi, lakini hii yangu Kamina muzima inaijua, basi afazali minyi mwenyewe niieleze.

Nilikuwa karani ku gare ya treni, nikapata kongé, ruhusa ya kupumzika kazi, nikapanda treni, mashua, kamio, mpaka ku ziwa Kivu, juu bazazi ya Agnès, fianse wangu, walikatala kumutoa kwa muntu hawajaona na macho. Kesho yake baba akasema: "Twende tukuonyeshe fasi moto ya mulima ilishukaka mu maji." Tukatembea asubui yote pembeni ya ziwa, baba mbele na fimbo, minyi, Agnès, na mama yake nyuma na muzigo ya viazi. (Kwetu Baluba, mama mukwe haumuangalie mu macho, haukule mbele yake, na kumugusa, yo! Njia yote niligeuza uso ku maji, shingo ikauma.)

Tukafika: muchanga mweusi ti, majiwe ya matundu-matundu. Nikacheka.

"Baba, hii njo makala ya kuungua ya locomotive! Kwetu tunaikanyagaka kila siku."

Na juu viatu yangu ya kanisa ilikuwa mupya, nikaivua, isichubuke.

"Vaa viatu, mutoto."

"Baba, minyi iko muntu ya reli!"

Hatua kumi tu. Majiwe ile inakata kama chupa ya kuvunjika, moja ikanipasua, nikaruka, ya pili ikapasua muguu ingine, nikakaa chini (matako nayo ikajua). Kusimama, hapana. Agnès alicheka mpaka machozi, baba akaangalia fimbo yake. Nikajua: bibi wa kuoa amepotea.

Mama akatua viazi, akashika kamba yake ya kubebea kuni.

"Panda."

"Mama, kwetu ni haya!"

"Kwenu iko mbali. Panda."

Kamba ku paji lake, minyi mu mugongo, viatu mupya mu mukono, tukapita katikati ya soko. Bamama wakauliza: "Unauzisha nini leo?"

"Mukwe," akajibu.

Mangaribi baba akamuuliza mama, si minyi: tumupe ao tumukatalie?

"Kila hatua alikuwa ananiambia pole," mama akasema. "Mupe."

Tulioana, na tangu siku ile nikiambiwa vaa viatu, ninavaa, sina kiburi. Lakini mama akikuja Kamina, nikimusalimia nyuma ya mulango sawa desturi inasema, anaita kwa nguvu, majirani yote wanasikia: "Unajificha nini? Nilikubeba!"