Maneno Pahali pa Picha

Juzi, mimi mutu wa kushinda nyumbani nikijidai fundi, nilimaliza ukurasa wa internet wa kwaya yetu ya Kasongo kwa upumbavu mukubwa. Rezo ya simu ilipolegea, picha zote zilikataa kufunguka, yakabaki masanduku matupu. Nilipotafuta katika orodha ya alama za HTML nikakuta alt: maneno yanayosimama pahali pa picha kwa mutu asiyeiona. Nilijicheka, kisha nikaacha kucheka. Kazi hiyo niliwahi kuifanya nikiwa mutoto.

Koko, mama ya baba yangu, alikuwa kipofu. Mchana mumoja alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, ua wote unanukia, wakati mwenye pikipiki kutoka Lusangi alipotupatia bahasha na kuondoka bila hata kuzima moteri. Ndani mulikuwa na picha ya baba, aliyekwenda Lusangi kuchimba dhahabu.

“Iko namna gani, mujukuu wangu?” Koko aliuliza. “Amekonda?”

“Iko muzuri, Koko. Amelala. Amevaa shemizi nyeupe, na kitambaa kimezunguka kidevu mupaka juu ya kichwa. Pengine meno inamuuma.”

Koko akauweka mchi chini. Nilidhani anamuhurumia baba kwa meno, nikaongeza kwamba kando kuna maua, ili afurahi.

Mama Feza, jirani yetu, alichungulia juu ya bega langu, akasema: “Nyamaza, mutoto. Kidevu vile wanafungaka ya mutu mwenye amekwisha kufa.”