Dirisha la Korti ya Zamani

Kila nikisikia watu wakiisifu korti ya zamani ya Kakamega, eti jengo la kihistoria, kuta nene, veranda pana, damu hunichemka. Mimi nililijua jengo hilo likitutesa.

Mzungu alilijenga kwa akili zake. Ndani aliweka kizimba cha shahidi, na mbele yake, uso kwa uso, kiti cha mkalimani, vyote vikapigiliwa sakafuni. Sisi Waafrika tulifuatilia kesi zetu nje verandani, chini ya dirisha. Uhuru ulipokuja tukafunguliwa mlango, ikabadilishwa bendera, ikabadilishwa picha ukutani, na hakimu akawa Mwafrika mwenzetu, mtu wa mbali asiyejua Kiluhya. Kizimba na kiti hakuna aliyevigusa.

Baba yangu alikuwa ameshafariki, na mdogo wake alitaka kututoa kwenye shamba letu la Shinyalu. Alidai baba aliazimwa tu. Aliyejua ukweli na aliyekuwa bado hai alikuwa mmoja, nyanya, mama yao wote wawili. Asiposema, mama na sisi watoto tungefungasha virago.

Sasa sikia balaa lenyewe. Mkalimani wa pekee pale kortini alikuwa mume wa shangazi yangu, yaani mkwe wa nyanya. Kwetu mwanamke na mume wa bintiye hawatazamani wala hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Nyanya alipopandishwa kizimbani akajifunika leso usoni, kimya. Mkalimani naye akageukia ukuta. Hakimu akamtazama huyu, akamtazama yule, akaahirisha kesi.

Tukarudi Shinyalu kwa miguu, mvua ikitupiga. Tulipoitwa tena, yakawa yale yale.

"Kukhu, hapa hakunanga mkwe," askari wa korti alimbembeleza nyanya. "Hapa ni korti."

"Korti inafungwanga jioni," nyanya akamjibu. "Mkwe nitakuwa naye mpaka nife."

Nilitaka kupiga mayowe. Hata mama, ambaye hakuwahi kumjibu mkwewe, uvumilivu ulimwisha. "Mama," akamwambia, "hii heshima yako italaza watoto wa mwanao nje."

Nyanya akasema atazungumza, lakini kule verandani, chini ya dirisha, alikozoea kusimama enzi za Mzungu. Hakimu, aliyekuwa amechoka nasi kabisa, akakubali.

Yaani tumepigania mlango ule, tumefunguliwa, halafu nyanya yangu anarudi dirishani kwa hiari yake. Niliona aibu, nikanuna kwenye benchi. Sauti yake ikaingia polepole, mkalimani akaitafsiri macho yakiwa sakafuni. Alisema shamba ni la marehemu, mumewe alimgawia mbele yake, na huyu mdogo alipewa lake akaliuza. Baba mdogo alikuwa benchi la mbele. Hakuinua uso.

Hakimu akatupatia shamba. Nilitoka mbio nimkumbatie nyanya, nikamkuta amesimama palepale, leso bado usoni. Ukaidi ule ukanipandisha hasira upya.

"Kukhu, jifunue basi. Mkwe wako ameshaenda."

"Huyo najua," akasema ndani ya leso. "Mwanangu je, ameshapita?"