Niliungua Kwenye Tende, Nikasema ni Chai

Admin, nifiche sana, maana waajiri wangu wanasoma Kiswahili kuliko hata mimi. Nina miaka thelathini na mmoja, mama wa mtoto mmoja, kwetu Korogwe. Nafanya kazi za ndani Ibra, Oman, mwaka wa tatu huu. Kabla ya hapo nilikuwa msusi, na vidole hivi ndivyo vilivyomlea mwanangu.

Naishi na bosi wangu, mkewe, na mama yake bosi, ambaye namwita Bibi. Bibi alizaliwa Unguja, na tangu nifike ananiita mwanangu. Kila Alhamisi nilikuwa namsuka, naye ananisimulia habari za utoto wake mpaka anasinzia. Sitasema uongo, ananipenda.

Huku kuna tende zinazochemshwa kwenye masufuria makubwa mno, juu ya moto wa magogo, ndipo zianikwe. Kaka yake Bibi ana shamba njia ya Bidiya. Ijumaa moja, siku yangu ya mapumziko, Bibi akaniambia, "Twende ukan'saidie, watu haba mwaka huu." Nikaenda kwa furaha, nani anakataa kutoka nje? Kikapu cha tende kikanielemea, nikateleza, mkono wa kulia ukaingia kwenye maji yanayotokota.

Njiani kwenda hospitali Bibi alilia kuliko mimi. "N'sitiri, mwanangu. Viza yako ya nyumbani, si ya shamba. Watamshika mwanangu aliyekuleta." Nami nimelelewa kwamba aibu ya nyumba unayokula haitoki nje. Nesi alipouliza, nikasema nilijimwagia chai yangu mwenyewe, siku yangu ya mapumziko. Bibi akatafsiri, ikaandikwa. Hakuna aliyenishikia fimbo, ni mdomo wangu.

Nilidhani nitapona. Ngozi imepona, lakini vidole vitatu vimejikunja kiganjani na daktari amesema havitanyooka tena. Kitana sishiki, sufuria sishiki. Akasema kama niliumia kazini nina haki ya kudai fidia ya ulemavu wa kudumu, na Jumapili hii jopo la madaktari litanipima na kunihoji. Kama ni chai yangu, basi tena.

Bosi nilipomweleza hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akaweka karatasi mezani. "Hii inasema ile ile chai yako. Weka dole, khalas, nakukatia tiketi, unarudi kwa mtoto. Ukibadilisha maneno watasema wewe mwongo, na mimi napata mushkila kubwa." Sijaweka dole. Tangu siku hiyo mkewe hanisalimii. Wenzangu wananiambia ukibadilisha maelezo unaweza kushtakiwa. Sijui kama ni kweli. Naogopa jamani.

Jana asubuhi nikamwendea Bibi chumbani kwake. Wote waliokuwepo shambani ni ndugu zake, sina shahidi mwingine. Nikamwambia nataka kusema kweli. Akaushika ule mkono, akaubusu. "Sema haki, mwanangu. Mwenyezi Mungu hapendi dhulma." Nikapumua. Kisha akasema, "Na mimi n'takuwapo. Nimeshamwambia mwanangu, wa kukutafsiria n'takuwa mimi."

Kiarabu changu ni cha jikoni tu, cha leta maji na funga mlango. Nitakachosema mimi watakisikia kwa mdomo wa Bibi, na mwanawe atakuwa amekaa pembeni yake. Nikiomba mkalimani mwingine, ni kama nimemwita Bibi mwongo usoni, na bado naishi chini ya paa lao. Ile siku ya hospitali alinitafsiria neno kwa neno, lakini siku ile nilikuwa namwokoa mwanawe.

Ndugu zangu, leo ni Ijumaa. Nimkatae Bibi, au nimwachie mdomo wangu?