Ndege ya Alhamisi

Siku niliyoandika ile barua naikumbuka mpaka rangi ya wino, mwanangu, na leo umenifanya niikumbuke kwa hasira. Juzi ulinipigia simu kwa furaha. Ofisini kwenu mmepanga kuziondoa ndege ndogo zinazokwenda mikoani kila baada ya siku mbili, mlete kubwa moja ije mara moja kwa wiki. "Baba, viti vimeongezeka!" ukasema. Simu ikakatika, na mama yako akadhani mtandao umegoma. Haukugoma. Niliikata mimi.

Sasa nisikilize, wala usinikatize.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa uwanja wa ndege hapa Ifakara. Nasema uwanja, lakini ulikuwa majani yaliyofyekwa na kibanda cha bati. Kampuni moja ndogo, ambayo siku hizi haipo, ilinipa kofia, redio ya mawasiliano na daftari la abiria. Ndege yao ya viti vitano ilikuja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kazi yangu hasa, nikisema ukweli, ilikuwa ng'ombe. Wasukuma walishaingia bondeni na mifugo yao, na ng'ombe wale sijui nani aliwaambia kwamba majani ya uwanjani ndiyo matamu kuliko yote ya Kilombero. Kila siku ya ndege nilikimbizana nao na fimbo, viatu vimejaa mavi, nawafokea wachungaji, nao wananijibu kwa Kisukuma na kucheka. Nilichoka, mwanangu. Nilichoka mno.

Basi ofisi ya Dar es Salaam ikaniandikia. Wamepata ndege ya viti kumi na tisa; ije Jumanne tu, ile ndogo iondoke. Wewe unayekaa na abiria, unaonaje? Waliniuliza mimi! Nikapiga hesabu: tano mara tatu, kumi na tano, kumi na tisa ni zaidi. Nikajibu kwa mwandiko wa madaha kwamba viti vimeongezeka na wananchi watafurahi. Sikuandika kwamba nilichokitaka mimi ni kukimbiza ng'ombe mara moja kwa wiki badala ya mara tatu. Hilo lilibaki tumboni. Mpumbavu mkubwa!

Ndege kubwa ilipotua mara ya kwanza, watu walikuja kuishangaa, na mimi nikasimama pembeni na kofia yangu kama vile nimeiunda kwa mikono yangu.

Shangazi yako Paulina, dada yangu wa tumbo moja, alikuwa akilima mpunga Katindiuka. Jumanne moja, masika yakielekea kwisha, ndege ilikuja na kuondoka asubuhi. Mchana wake dada anapiga mpunga, kapi likamwingia jicho la kulia. Akalifikicha, akaendelea na kazi. Jumatano jicho limevimba, halifunguki. Daktari hospitalini akalitazama, akamtilia dawa aliyokuwa nayo, akasema kidonda kimekaa pabaya, awahishwe Dar kwa bingwa wa macho, kesho ikiwezekana.

Na kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Alinikuta kibandani, kitambaa jichoni. Ndege kubwa alikwisha kuiona. Hakujua kwamba ndogo imeondolewa.

"Mdogo wangu, niandikie ndege ya kesho."

"Kesho hakuna ndege, dada."

"Basi Jumamosi."

"Jumamosi nayo hakuna. Mpaka Jumanne."

"Makubwa! Imekwenda wapi?"

"Tumeongeza viti," nikamwambia. Midomo yangu hii hii.

Maji yalikuwa yamekata barabara na reli. Nikaishika redio, nikaomba, nikabembeleza, nikalia kabisa. Wakanijibu ndege imepangiwa safari za kwingine, nisubiri siku yangu. Alhamisi, saa ambayo ile ndogo ilikuwa ikitua, ng'ombe walikuwa wanakula majani katikati ya uwanja bila wasiwasi wowote, maana hakuna wa kuwafukuza. Niliwatazama nikatamani kujipiga makofi. Jumamosi vilevile.

Jumanne ndege ikaja. Unajua ilikuwa na abiria wangapi? Sita, pamoja naye. Nilimpandisha kwa kumshika mkono. Akasimama kwenye njia, anagusa kiti baada ya kiti, vingi vitupu.

"Viti ni vingi kweli, mdogo wangu," akasema taratibu. "Nikae kipi?"

Nikamkalisha kiti cha mbele. Bingwa alisema angeletwa mapema jicho lingepona. Unamwamkia shangazi yako shikamoo ukiwa kuliani kwake, anageuza shingo yote ndipo akuone. Ulidhani ni uzee? Ni barua yangu ile.

Kwa hiyo usiniletee habari ya viti! Mahali penye watu wa kujaza ndege kubwa kila siku, pelekeni kubwa, nani kakataza? Lakini huku kwetu, kabla hujapiga hesabu yako, jiulize kwanza: aliyeumia leo ndege ikiwa imeshaondoka, atangoja siku ngapi? Kiti cha Jumanne hakimsaidii mgonjwa wa Alhamisi, hata mkiweka mia. Kisha jiulize la pili, na hili lijibu ukiwa peke yako: mpango huu unamrahisishia abiria, au unakupunguzia wewe kazi? Maana kila mmoja wetu ana ng'ombe wake ambao amechoka kuwafukuza, na hatuwaandiki kwenye barua.

Nimefoka, najua. Nimefoka kwa sababu nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwako. Mungu akulindie macho yako yote mawili mpaka uzeeni, mwanangu, na akupe kumwona na yule asiyekuwepo kwenye daftari la abiria. Nenda kaongee na wenzako. Ukishairudisha ndege ya Alhamisi kwenye mpango wenu, nipigie simu. Sitakata.